Makofi ya Zamda

Wewe ulishawahi kumfundisha mtu neno, kumbe ulikuwa unamfungulia mlango wa kukuacha?

Zamda alikuwa akikunja khanga mezani kwake, sokoni Kwa Mrombo, dera lake la zambarau, kilemba kimelala upande, aliposikia kijana akinung'unika mbele yake. Suruali ya kijana ilinyooshwa mpaka mstari unakata.

"Kaka, unaumwa au unanisomea dua?"

"Samahani, dada. Ni Kitaliano. Hili neno linanishinda. Indimenticabile."

"Ndiyo nini?"

"Kisichosahaulika."

"Mbona umekisahau katikati?"

Shamsudin, ndilo jina lake, alicheka mpaka akanunua khanga asiyoihitaji. Akamsikilizisha sauti ya mwalimu kwenye simu. Zamda akasikia kosa: Shamsudin aliukokota mkazo karibu na mwisho, kama tusemavyo Kiswahili. Basi akalikata neno kwa makofi, in-di-men-ti-ca-bi-le, na kwenye "ca" akapiga kofi la nguvu.

Tangu hapo, kila jioni Zamda akisharudi kwake Lemara, simu ya Shamsudin inalia.

"Laazizi, la leo ni refu kama foleni ya maji."

"Lete tulikate."

Zamda alidhani Kitaliano hicho ni cha kutembeza wageni hotelini, hapo Usa River. Mbali gani huko?

Ijumaa moja Hafidha, dada yake Shamsudin, akapita mezani.

"Wifi, nichagulie khanga ya kumuagia kaka. Jumapili si anapanda ndege? Italia, miaka mitatu."

Zamda akamkodolea macho. Khanga aliyoishika ikafunguka yote mpaka vumbini, wala asiione. Kumbe kwa makofi yote yale alikuwa anamsindikiza. Simu ikalia. Hakupokea. Ikalia tena.

Alasiri Shamsudin akaja mwenyewe, jasho linamtoka, shati limechomoka.

"Hafidha amekuambia."

"Wewe ungeniambia ukiwa angani?"

"Niliogopa, Zamda. Kwetu wote wamesema niende. Na wewe ukisema niende, sina pa kushika."

"Mimi hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Mteja alikuwa amenyoosha mkono na vitenge alivyochagua. Zamda hakumwona. Aliinua viganja. Akakata neno polepole kama alivyozoea, na kofi la nguvu likaangukia kipande cha tatu.

"U-si-e-nde."