Makaa Matatu na Macho ya Asen

Asubuhi hiyo nilikuwa nachagua maharagwe ya kupika. Mkwe wangu Svetla aliniita chumbani. Mjukuu wangu Asen, mwenye siku tisa, alishindwa kufungua macho. Kope zilivimba. Usaha wa njano ulizigandisha kama gundi.

Katika kijiji chetu kila bibi ni daktari. Nilichemsha maua ya kamomili, nikapoza maji, nikamwosha. Mchana usaha ukarudi.

Basi nikajiuliza: nani amemtia mtoto jicho baya? Waliomwona walikuwa watatu: padri, mpeleka barua, na jirani yetu Zdravka, mwenye macho ya buluu. Kwetu macho ya buluu hayaaminiki. Nikatumbukiza makaa ya moto katika bakuli la maji, moja kwa kila jina; linalozama ndilo la mwenye jicho. Mawili yakaelea. La Zdravka likazama. Kusema kweli, la Zdravka nililichagua kubwa.

Jioni Zdravka alibisha hodi na mkate wa jibini. Nilisimama mlangoni, nikamweleza kuwa jicho lake limezama kwenye bakuli langu.

"Sawa, Pena," akasema. "Nikishamwona mtoto nitaondoka."

Alikuwa mkunga wa hospitali ya wilaya kwa miaka thelathini. Svetla, huku analia, akampisha.

Zdravka hakuuliza nani alimtazama Asen. Aliuliza Svetla alianza kliniki lini. Svetla akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aifiche mimba, watu wasiitie jicho. Alikwenda mara moja tu, mwezi wa nane wa mimba, akajifungua kabla ya siku ya vipimo.

"Nadhani hivi ni vijidudu," Zdravka akasema. "Mtoto huvipata njiani, wakati anazaliwa. Twende hospitali sasa hivi. Macho yakicheleweshwa hivi, mtoto anaweza kupofuka."

Hata maharagwe sikuyaepua.

Daktari alipima usaha, akawapima na wazazi. Jina la ugonjwa lilikuwa klamidia. Alitueleza kuwa huambukizwa kwa kujamiiana. Wengi walio nao, wanaume kwa wanawake, hawahisi chochote. Mama akijifungua, vijidudu huingia machoni mwa mtoto, na vinaweza kufika hata kwenye mapafu. Dawa ya matone haitoshi, Asen alihitaji dawa ya kunywa. Svetla aliruhusiwa kuendelea kunyonyesha. Wazazi wote wawili walipewa vidonge, na wakaambiwa wasikutane kimwili mpaka daktari aseme wamepona.

Mwanangu Rumen, baba yake Asen, dereva wa lori, alivitazama vile vidonge. "Mimi siumwi popote," akasema.

"Hata mwanao alikuwa haumwi popote," Zdravka akamjibu, "mpaka siku ya tisa. Mmoja akinywa na mwingine akiacha, mtaambukizana upya."

Rumen akavimeza.

Mimi sasa nilikuwa nawashwa na swali moja tu. Nani kauleta? Njiani nilimvuta Zdravka pembeni, nikamuuliza. Akasema ugonjwa huu unaweza kujificha miezi mingi, labda tangu kabla hawajaoana. Kipimo huonyesha kama upo. Hakionyeshi nani aliyeupata kwanza.

"Ninayo makaa," nikamwambia.

"Yaleyale yaliyosema ni mimi?"

Nikanyamaza. Marehemu mume wangu alisubiri jambo hilo miaka arobaini bila kuliona.

Svetla na Rumen walijifungia chumbani wakazungumza. Walisema nini sijui. Ukuta ule ni mnene, nilijaribu. Ila walitoka wameshikana mikono, na macho ya Svetla yalikuwa mekundu kuliko ya mtoto.

Dawa ilinywewa mpaka ikaisha. Macho ya Asen yakasafika. Binamu yake Svetla alipogundua ana mimba, Svetla hakungoja tumbo lionekane. Alimpeleka kliniki mwezi wa pili, pamoja na mumewe, wapimwe magonjwa ya zinaa yote, kaswende na virusi vya UKIMWI vikiwemo. Mimi niliwabebea mkoba.

Siku ya arobaini tangu Asen azaliwe tuliita wageni. Niliwaambia wote kwamba makaa yangu yalisema uongo, kisha nikamweka Asen mapajani mwa Zdravka. Mtoto aliyakodolea yale macho ya buluu, wala hakupepesa. Alimtazama sana, sana.

Nikatoa mfukoni uzi mwekundu wa kuzuia jicho baya. Nikamfunga Zdravka mkononi.