Gari Lililozidi Mlango

Kiti kilikuwa na joto. Mthamini alikigusa kwa kiganja, akatazama dirisha dogo la stoo, akaona jua liko upande wa pili wa nyumba, akajiambia labda paka ndiyo kwanza ameondoka. Gari lenyewe halikuwahi kutembea hata hatua moja, na aliyeliunda alikuwa na mwaka mzima tangu afe.

Tusimcheke kwa kumsingizia paka. Miaka kumi na minane ya kukadiria bei za magari ya watu ilikuwa imemzoesha kutoshangaa, na siku hiyo akili yake ilikuwa imetekwa na kitu kingine. Mbele yake lilikuwa gari la kuunganisha. Kiwanda kidogo kinakuuzia bodi ya fibaglasi na fremu ndani ya makasha, injini unaing'oa kwenye gari kuukuu, na yaliyobaki ni mikono yako na uvumilivu wa mkeo. Wenye pesa zao huyadharau, huyaita magari ya makopo. Lakini kiwanda cha hili kilitoa kumi na mawili tu kabla ya kufungwa, na mthamini alikuwa ameyaona pichani tu. Moyo ulimruka. Alikaza uso ili mjane wa marehemu, aliyemwita, asione kitu, maana alikwisha kuamua: angeandika bei ya chuma chakavu, kisha amtume shemeji yake aje alinunue kwa niaba yake.

Jambo moja lilimchekesha. Gari lilikuwa na upana wa mita moja na sentimita sabini. Mlango wa stoo haukufika hata mita moja na ishirini. Marehemu aliliunda humo humo ndani, akapima kila kitu isipokuwa mlango.

"Dada, mzee alitaka kulipitisha dirishani?" aliuliza.

Mjane hakucheka. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, vidole vya miguu vimeishia pale pale saruji ya stoo inapoanzia.

"Kadiria ukiwa umesimama, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Ndani usikae."

Alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba ameacha maji jikoni, akaondoka.

Sasa, mthamini huyu alikuwa na mazoea yake. Hakuwahi kuandika bei ya gari lolote kabla ya kukaa nyuma ya usukani, kufunga mlango na kuitamka kwa sauti. Aliwaambia wateja kwamba bei ya uongo hukwama kooni ukiwa ndani ya gari lenyewe. Ilikuwa mbwembwe tu, lakini miaka ilivyopita mbwembwe ikawa kazi, na bila hiyo alijiona hajakadiria. Saa ilikuwa nane na nusu. Saa kumi alitakiwa awe kwenye geti la shule kumchukua binti yake wa miaka saba, ambaye wiki iliyopita alimngoja mpaka akalia, naye akamwapia kwamba hatachelewa tena. Aliingia upesi, akajivutia mlango.

Kwanza ilikuja harufu ya gundi ya fibaglasi, mbichi, ile inayowasha macho kabla haijakauka. Kisha chini ya sakafu, usawa wa nyayo zake, spana ikaanza kukaza boliti. Kri. Kri. Kri.

"Nani huko chini?" alinong'ona.

Spana ikanyamaza. Gari lile halikuwa na kiti cha nyuma, lilikuwa na ukuta wa bodi tu, na kutoka kwenye ukuta huo, karibu kabisa na sikio lake, mtu alimuuliza, "Bei?"

Alikamata kishikio cha mlango, kikazunguka bila kushika kitu. Akasukuma kwa bega. Akaitaja ile bei ya chuma chakavu, na hapo hapo spana ikalia na kiti kikasogea mbele pingili moja, usukani ukamgusa tumboni. Akaizidisha mara tatu, spana ikalia tena. Akataja bei ya kichaa, bei ya kununulia mtaa mzima, na kiti kikasogea, na paa likashuka mpaka likalala juu ya nywele zake, na magoti yakabanwa chini ya dashibodi, na akaanza kupiga kioo kwa ngumi na kumwita mjane, na sauti yake ikawa inamrudia yeye mwenyewe mdomoni kana kwamba amefunikwa na blanketi, huku akimwona binti yake amekaa kwenye jiwe la getini na mkoba mapajani, akitazama kila gari linalopita, na wenzake wote wamekwisha kwenda, na mlinzi anamuuliza baba yako yuko wapi.

"Bei?"

Alilia. Mtu mzima alilia kama mtoto, na katika kulia akaacha kubuni. Akasema ukweli. Alisema hilo ni moja kati ya kumi na mawili, kwamba hajawahi kuona uchomeleaji safi namna hiyo, kwamba dashibodi imechongwa na mtu aliyekuwa na mapenzi, kwamba alikuja kumwibia mjane. Akataja bei anayoiamini moyoni, senti isizidi wala isipungue.

Mlango ulifunguka wenyewe, taratibu.

Mjane alimkuta amekaa uani, shati limelowa jasho. Alimletea maji. Akamuuliza kama aliulizwa bei, akaitika. Akamuuliza kama alitaja ya kweli, akaitika tena. Mjane akakaa chini.

"Mume wangu naye alikuwa mthamini," alisema. "Alikuja kumkadiria baba yangu gari hilo hilo, likiwa nusu. Alitaja bei ya kweli, akafunguliwa. Kesho yake akarudi. Alisema anakuja kukaza boliti moja tu. Alikaa miaka kumi na tisa."

"Hamkuita mganga?"

"Aliitwa. Hakuvuka kizingiti. Alisema jini hili halina haja na mwili wa mtu, linakaa ndani ya kazi. Na linamtafuta anayeijua thamani yake."

Mthamini aliapa kwamba hatakanyaga tena nyumba ile. Alifika shuleni saa kumi kasoro dakika mbili, akamkumbatia binti yake mpaka mtoto akalalamika kwamba shati linanuka rangi.

Asubuhi, akinywa chai, alikumbuka boliti moja. Nyuma, upande wa kulia, kichwa chake kilikuwa kimekaa tofauti na wenzake. Alijaribu kufikiria mambo mengine. Alimpeleka mtoto shule, akashika njia ya ofisini, na alipozinduka alikuwa mbele ya geti la mjane. Lilikuwa wazi tayari. Juu ya kigoda cha uani palikuwa na ovaroli iliyofuliwa na kupigwa pasi. Ilimkaa sawasawa.

Simu ilianza kuita saa kumi na robo. Aliona namba ya shule, akailaza kifudifudi juu ya bodi, akaendelea kukaza. Ikaita tena, na tena, kisha ikachoka.

Mjane alikuja mpaka kwenye kizingiti, macho mekundu.

"Kaka," alisema, "likikwisha, litatokea wapi?"

Alimwonyesha kwa kidole. Mthamini aliinua kichwa, tepu ya kupimia mkononi, akautazama mlango ule mwembamba kwa muda mrefu.

"Mlango una tatizo gani?" aliuliza, akainama tena kwenye boliti yake.