Kiapo Kilichofutwa Adhuhuri

Aliyeisikia kwanza ile harufu ni Nesra. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza chekundu cha sebuleni, akipepeta maganda ya buni ya kuchemsha kama chai, wakati kaka yake, Nasredin, alipoingia saa kumi kutoka kwenye mirungi.

"Kaka, mlikaa wapi leo? Kwa mwamba ngoma?"

"Kwa Redwan. Kwani vipi?"

"Pananuka ngozi mbichi iliyolowa. Nilidhani ni wewe. Lakini imeanza tangu ulipotoka."

Nasredin alinusa. Harufu ile aliijua. Aliinusa mara ya mwisho miaka kumi na mmoja iliyopita, katika chumba hichohicho, Nesra akiwa na miaka kumi na mitatu na amefungwa mikono kwa shela ya mama yao ili asijiume vidole.

Marehemu baba yao, Aw Sherif, alikuwa karani wa mahakama ya Harar kabla ya kuwa mganga, na uganga wake ulikuwa wa kikarani. Siku ya kwanza alimhoji jini na kuandika majibu yake: jina, ukoo na sababu ya kumpanda mtu. Maandishi hayo aliyapeleka kwa flashi kwa mpiga chapa, yakanyooshwa, yakachapwa, jamaa za mgonjwa wakayatia sahihi. Siku ya saba jini alipokubali kuondoka, kiapo chake kiliongezwa palepale nyumbani, kwenye kompyuta ya mzee, neno kwa neno kama alivyokitamka. Kiapo hakikuchapwa wala hakikutoka nje ya nyumba. Maadamu kilikuwepo, jini alibanwa nacho.

Arobaini ya mzee ilikuwa imepita. Kompyuta yake ilikuwa ikikoroma kama mzee mwenye pumu, na Nasredin, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari, aliahidi kuyahamishia maandishi kwenye kompyuta mpya kabla ile ya zamani haijafa. Adhuhuri ya siku hiyo, Jumatatu, alianza na flashi iliyorudi zamani kutoka kwa mpiga chapa. Akainakili yote kwenye kompyuta mpya. Kisha akaziunganisha kompyuta mbili kwa waya, akaiagiza programu izilinganishe, kila faili iliyo mpya ichukue nafasi ya iliyo ya zamani, huku na huku. Programu ilimwuliza kama ana hakika, ikampangia orodha ndefu ya tarehe asome kwanza. Simu ikalia. Ni Redwan: "Mwalimu, majani yananyauka. Tukuanike na wewe?" Akabofya "Ndiyo kwa zote", akatoka.

Sasa aliifungua faili ya Nesra. Mahojiano yalikuwepo, hadi swali la mwisho la baba yake: *Je, utaapa?* Chini ya swali hilo palikuwa peupe. Akaifungua kwenye kompyuta ya zamani. Peupe vilevile. Akaitazama tarehe, na hapo ndipo alipoelewa. Mzee, kwa mazoea ya mahakama, aliiwekea kompyuta yake kalenda ya nchi, iliyo nyuma ya ile ya Wazungu kwa miaka saba au minane. Kiapo alikiandika mwaka 2006. Kompyuta ya mpiga chapa ilifuata kalenda ya Wazungu. Mahojiano yasiyo na kiapo yalihifadhiwa kwake wiki hiyohiyo, lakini kwa jina la mwaka 2014. Kwa macho ya mashine, pungufu lilikuwa jipya kwa miaka minane. Likalifuta lile kamili, pande zote mbili. Hesabu ya miaka hiyo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kila Septemba, mwaka wa nchi unapoanza.

"Umeona nini?" Nesra aliuliza.

"Hakuna kitu. Faili zote zimehama."

Jumanne adhuhuri Nesra alianza kula kwa mkono wa kushoto, bila mwenyewe kutambua. Magharibi fisi walipita kichochoroni kama desturi yao, walipofika mlangoni kwa kina Nasredin wakageuka. Jirani akacheka dirishani: "Mwalimu, hao ndio hula majini. La kwenu limewashinda meno?" Nasredin akacheka naye, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Jumatano alifanya jambo ambalo baadaye lilimwia gumu kulitamka kuliko kosa la kwanza. Alipokaa mbele ya kompyuta, adhuhuri, mji wote umefunga milango kwa joto, akakumbuka alivyoweza maneno ya kiapo kile, yaliyomtoka kumbukumbuni akayaziba kwa yake, na wakati vidole vyake vikiandika *naapa kwa jina la aliyeniumba sitamrudia binti huyu*, alisikia juu ya dari nyayo zikitembea taratibu, moja kwa kila neno, zikisimama aliposimama, zikiendelea alipoendelea, na harufu ya ngozi ikashuka ikamkalia mabegani kama vazi la mvua, mpaka alipoweka nukta ya mwisho nyayo zikashuka ngazi, zikavuka sebule, zikaishia kwenye kibaraza alipolala dada yake, naye akafumbua macho yasiyokuwa yake.

"Bwana karani," sauti ilisema kwa adabu, "umeandika kiapo ambacho sikuapa."

Alhamisi alimwita Ay Kulthum, bibi aliyemfukizia baba yake ubani kwa miaka ishirini. Bibi huyo alimtazama Nesra, akazitazama kompyuta, akaketi.

"Nani aliligusa andiko?"

"Kompyuta ya zamani ilikuwa mbovu, Ay."

"Sikuuliza kompyuta. Wewe mtoto wa karani, unamjibu hakimu hivyo?"

Kutoka kibarazani sauti ikacheka kidogo. "Mwache, bibi. Mimi nimeshazoea nyumba hii."

"Sikiliza, mwanangu," Ay Kulthum alinong'ona. "Aliapa kwa sababu baba yako hakumwandikia hata herufi ya uongo. Leo ataapa mbele ya nani? Mwambie dada yako. Si mimi. Yeye anasikia, yuko humo ndani."

Nasredin alivuta kompyuta hadi kibarazani, akapiga magoti. Alifuta kwanza kile kiapo cha kughushi, kisha akasema kwa mpangilio, kama mtu atoaye ushahidi: flashi, waya, orodha ya tarehe, simu. "Niliambiwa nisome, Nesra. Sikusoma. Nilikuwa nawahi mirungi. Jumatatu hiyohiyo nilijua, nikakwambia hakuna kitu. Jumanne nilikuona ukila kwa kushoto, nikakuongezea mchuzi." Jicho moja la Nesra, moja tu, lilikuwa likitoka machozi.

Kisha sauti ikasema, kwa uchovu: "Andika." Nasredin akaandika kiapo kipya, kila neno kama lilivyotamkwa, bila kupamba. Neno la mwisho lilipohifadhiwa, nyayo zilitoka, mlango ukajifungua na kujifunga, na hewa ikanuka ubani mtupu. Nesra aliinuka akiukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia.

"Kwa ajili ya majani," alisema. Hata tusi lingekuwa afadhali.

"Muda utampoza," Ay Kulthum alisema, akikusanya vyetezo. Halafu akasita. "Nasredin. Mle ndani mna andiko la dada yako peke yake?"

"La, Ay. Ni watu sitini na watatu."

"Na viapo vyao?"

Mlango ulikuwa ukibishwa, kwa upole, kwa mkono wa mtu mwenye haya. Nje, katika jua kali, alisimama mama mmoja wa makamo akimshika mumewe kifundo cha mkono. Mume alikuwa akitabasamu kwa meno yote. Nyuma yao, wakifuata kivuli cha ukuta, wengine walikuwa wakiipanda njia nyembamba wawili wawili, kila mmoja akimwongoza mwenzake.

"Samahani kwa usumbufu, mwanangu," yule mama alisema. "Aw Sherif alituambia tukiona dalili tumrudishe kwake. Sisi hatujui tumekosea wapi."

Nasredin alimgeukia Nesra. Nesra alisogeza kigoda hadi mbele ya kompyuta, akaketi, akaweka vidole tayari kuandika.

"Mwambie," alisema. "Anzia kwenye flashi."