Dawa ya Mgongo

Mama Gradi, jirani yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anasema baba yangu alitiliwa sumu. Anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Jumamosi, siku moja kabla baba hajaugua, kwa jirani mwingine, Kanyange, kulikuwa na karamu ya mtoto mchanga, na baba alipewa sahani ya peke yake. Kanyange akamtazama mpaka akaimaliza. "Na ule ukucha wake mrefu ni wa nini?" Mama Gradi huuliza, maana kwetu husemwa sumu hufichwa chini ya ukucha. Kufikia Jumatatu, kijiji kizima kilikuwa kinautazama ukucha wa Kanyange.

Mimi najua yaliyotokea, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa.

Mwaka ule wa 2011 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku nikitoka shule nilichota maji, nikabandika maharage, kisha baba akaniita. Baba yangu, Musoni, alikuwa shemasi, na katika kanisa letu mtu hagusi pombe. Alinipa chupa ya kahawia iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi.

"Mariette, mwanangu, fika kwa Mutware, nyuma ya kinu cha kusagia unga. Mwambie anijazie dawa ya mgongo. Mama yako asijue, atahangaika bure. Umeniahidi?"

"Nimeahidi, baba."

Kwetu mtoto akitumwa na baba hakatai wala haulizi. Lakini pua ninayo. Dawa ile ilinuka kanyanga, pombe kali ileile inayowalaza watu kando ya njia. Mwanzoni, mwaka uliotangulia, nilitumwa mara moja kwa siku. Mahindi yalipokomaa, nilikuwa nikitumwa mara tatu.

Jumapili baba alirudi kutoka kanisani amejikunja. Maumivu yalimshika juu ya kitovu yakapenya hadi mgongoni. Akilala chali yanazidi, kwa hiyo alikaa ameinama mbele kama mtu anayetafuta sindano chini.

"Mgongo," aliniambia, akanipa chupa. Nikaenda. Akanywa yote, akaanza kutapika.

Mama Gradi alifika na majani yaliyopondwa. "Ni sumu! Atapike, itoke."

"Lakini anatapika tangu mchana," alisema mama yangu, Nyirabahire.

"Atapike tena! Na musimupeleke hospitali. Bale badaktari hawajue sumu ya kwetu. Sindano ikiingia tu, anakufa palepale."

Tulimsikiliza siku mbili nzima. Jumanne macho ya baba yalikuwa yameingia ndani, mwili unachemka kwa homa, hata kukojoa hakojoi. Mchungaji wa kanisa letu alipomwona hakuuliza habari ya ukucha. Alitafuta gari, nasi tukapelekwa hospitali ya mjini Mbarara.

Hospitalini daktari alisema Kiingereza, na muuguzi mmoja, aliyeitwa sista, akatutafsiria. Sista huyo alikulia katika kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilitembea kwa buti.

"Mama, huyu mzee nakunywa pombe?"

"Hapana! Bwana yangu ni shemasi. Ni sumu banamupatia."

"Hata kidogo?"

"Hata ya kuonja."

Baba alinitazama kutoka kitandani. Nilielewa. Nikainamisha kichwa nikahesabu vigae vya sakafu, na ile chupa ya kahawia imo ndani ya mfuko wa gauni langu.

Walimwekea maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Lakini kesho yake mikono yake ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anawaita kwa majina ng'ombe tuliowaacha Kongo. "Gaju! Gaju, rudi!" Mama akalia. "Sumu imepanda kichwani!"

Sista alikuja mbio. "Nyumbani alikunywa dawa gani?"

"Majani," mama akasema.

"Na ingine?"

Mama akatikisa kichwa. Baba sasa hakuwa akinitazama. Hakuwa akimwona mtu yeyote. Nikafikiri: nikinyamaza, nitatunza ahadi, na baba nitamkosa.

"Dawa ya mgongo," nikasema.

"Dawa gani hiyo?"

Nilitoa chupa. Sista akaifungua, akainusa, kichwa kikaruka nyuma. "Waragi! Pombe kali hii! Mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku. Mwaka jana ilikuwa mara moja."

Mama alikaa sakafuni. Daktari hakukasirika. Aliandika haraka, akaagiza dawa nyingine, na baba akawekwa karibu na meza ya wauguzi.

Siku ya nne mikono ilitulia. Siku ya sita baba aliomba uji. Jioni ile sista aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mutoto, umesaidia daktari kabisa. Bila wewe hatungejua kwa nini mzee natetemeka: mwili umezoea pombe, ikikosa ghafla, unatetemeka na kuona vitu havipo. Sasa sikilizeni wote. Nyuma ya tumbo kuna kitu kama jani refu, kongosho. Kazi yake ni kusaidia kusaga chakula. Pombe ikikiharibu, kinaanza kujisaga chenyewe. Wengine wanaletewa ugonjwa huu na mawe ya nyongo, hawajawahi kuonja pombe. Wazee na watu wanene sana, ikiwashika, inawapiga zaidi. Huyu alikuwa na pombe, halafu nyinyi mkaongeza: mkachelewa siku mbili, mkamutapisha maji yote ya mwili. Na mukaficha. Daktari hawezi kutibu kitu amefichwa. Shemasi, wewe umesikia?"

"Nimesikia, sista," baba akajibu kwa sauti ndogo.

Tuliporudi Nakivale, Jumapili ya kwanza alisimama kanisani akasema mwenyewe, kuanzia chupa hadi uongo wa mgongo. Kanyange alikuja kwetu na sufuria ya uji. Baba aliunywa wote, Mama Gradi akitazama.

Kisha baba akaniita uani. Nilikuja mbio kama zamani.

"Mariette, mimi ndiye niliyekufundisha kuficha. Nilikosa. Ukweli wako ndio ulionirudisha nyumbani. Ila kiu bado ninayo, sitakudanganya. Siku nikikutuma tena kwa Mutware, ukatae. Niahidi."

Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia baba neno. Na ahadi niliyompa mara ya mwisho ilibaki kidogo imuue.

Alikuwa akiningoja, mikono magotini, imetulia. Maharage yakaanza kuchemka jikoni, na mimi nilikuwa bado nimesimama pale, nikijaribu kimoyomoyo neno nitakalomwambia siku hiyo: sitaenda.