Mechi ya Mwisho ya Chesang

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Cheruto alimrushia dadake mipira. Walifanyia mazoezi kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa mtaani Free Area, Nakuru, mahali ambapo umande ulilowesha soksi zao hata kabla jua halijachomoza vizuri. Cheruto alikuwa Gredi ya Saba. Dadake, Chesang, alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alikuwa kipa wa Malkia wa Bonde, timu ya wasichana iliyokuwa imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza.

"Rusha kwa nguvu! Au hukula jana?" Chesang alizoea kumwambia akicheka, kisha anaruka na kuudaka mpira kama anayechuma tunda.

Baadaye walirudi nyumbani kunywa chai na mama yao, ambaye aliuza viazi sokoni. Baba yao aliendesha trekta katika mashamba ya ngano huko Mau Narok, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Msimu ulianza kwa furaha. Malkia walishinda mechi zao za mwanzo, na watu wa mtaa wakaanza kumwita Chesang barabarani, "Niaje kipa!" Lakini baada ya Krismasi mambo yaligeuka. Wachezaji wawili hodari waliumia magoti. Timu ikapoteza mechi moja baada ya nyingine, ikateremka kwenye jedwali hadi ikafika karibu na mkia. Kila mtu alijua kwamba timu zitakazomaliza mkiani zitashushwa daraja.

Likizo ya Aprili, Kocha Nakhumicha alimruhusu Cheruto kuandamana na timu kwenda Nairobi. Siku hiyo Malkia walikuwa wakiongoza kwa bao moja. Mechi ilipokaribia kuisha, mpira wa kona ulipigwa, Chesang akaruka kuudaka, na goti la mshambuliaji likamgonga kichwani. Alianguka akalala kimya kwa muda. Kocha alikimbia uwanjani.

"Uko sawa?" alimuuliza.

"Niko sawa, Kocha," Chesang akajibu huku akiinuka. Aliendelea kucheza, na Malkia wakashinda.

Wakirudi Nakuru, basi lilisimama Kikopey ili wasichana wale nyama choma. Waliimba na kupiga meza. Chesang, ambaye kwa kawaida hangemwachia mtu ubavu wa mbuzi, hakugusa chochote. Aliondoka mezani polepole. Cheruto alimfuata, akamkuta nyuma ya jengo ameshika ukuta, akitapika.

"Chesang! Nimwite Kocha?"

"Wacha! Usimwambie mtu." Chesang alijifuta mdomo. "Kocha akijua nimeumia kichwa ataniweka nje. Natalie wa akiba bado ni mdogo, hajawahi kudaka mechi kubwa. Tutashuka. Wasichana wote hawa wameteseka mwaka mzima, halafu tushuke kwa sababu ya maumivu ya kichwa? Niahidi, Cheruto."

Cheruto alimpenda dadake kuliko mtu yeyote. Akaahidi.

Wiki zilizofuata, ahadi hiyo ilimlemea. Chesang aliamka na maumivu ya kichwa kila siku. Mwanga wa jua ulimuumiza macho. Mama alipouliza mbona hali chakula vizuri, alisema ni wasiwasi wa mechi. Asubuhi uwanjani, mipira ambayo zamani aliidaka bila kufikiri sasa ilimpita, na mmoja ukamgonga kifuani kana kwamba hakuuona ukija.

"Twende hospitali," Cheruto alimsihi.

"Baada ya mechi ya mwisho."

"Na kama ni kitu kibaya?"

"Nimekwambia baada ya mechi ya mwisho!" Chesang alifoka, kisha akaketi chini na kushika kichwa kwa mikono miwili.

Mechi hiyo ya mwisho ilikuwa nyumbani, Nakuru. Malkia walihitaji sare tu ili wabaki Ligi Kuu. Mashabiki walijaa mapema, wakipuliza vuvuzela. Mama alifunga kibanda chake akaja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msimu uanze.

Cheruto alimkuta dadake ameketi nje ya chumba cha kubadilishia nguo, akijaribu kufunga kamba za kiatu. Mkono wake wa kulia haukumtii. Kamba zilimponyoka, akaziokota, zikamponyoka tena. Cheruto alipiga magoti akamfungia.

"Asante," Chesang alisema. Maneno yalimtoka mazito. "Leo tunacheza na nani?"

Cheruto alidhani anatania. Akamtazama usoni, akaona kwamba hatanii. Aliinuka akakimbia moja kwa moja hadi kwa Kocha Nakhumicha, akamweleza yote: kutapika kule Kikopey, maumivu ya kila siku, macho, mkono, na swali alilotoka kuulizwa.

Kocha aliondoka mbio. Alipomfikia Chesang, alichuchumaa mbele yake.

"Chesang, ni kweli umekuwa ukiumwa tangu Nairobi?"

Chesang alimwangalia dadake kwa macho makali. "Mtoto huyu anaongopa! Mimi niko sawa."

"Basi niambie, wiki jana tulicheza wapi?"

Chesang alifungua mdomo. Akafikiri. Machozi yakaanza kumlengalenga, kwa sababu alitafuta jibu kichwani mwake na hakulipata.

"Leo huchezi," Kocha alisema kwa sauti ya chini, kisha akageukia chumba cha kubadilishia nguo. "Natalie, vaa glavu. Wewe ndiye utakayedaka."

Nahodha wa timu, Wamaitha, alishika kichwa. "Kocha, mechi ya leo? Si umwache hata kipindi cha kwanza?"

"Hata dakika moja," Kocha akajibu, na kumwita Mama.

Walimpeleka Chesang hospitalini kwa gari la muuguzi wa timu. Nyuma yao vuvuzela zilikuwa zikilia, na Chesang alilia njia nzima bila kumtazama Cheruto. Walipokuwa wakingoja kupigwa picha ya kichwa, simu ya Mama iliita. Alikuwa Wamaitha. Malkia walikuwa wamefungwa mabao mawili kwa moja. Mpira wa bao la pili ulimponyoka Natalie mikononi mechi ikielekea kuisha.

"Tumeshuka," Mama alisema polepole.

Chesang aligeuza uso wake ukutani. "Umefurahi sasa, Cheruto?"

Cheruto alitoka nje, akaketi kwenye benchi na kulia mpaka kwikwi zikamshika.

Jioni hiyo Daktari Wanyoike aliwaita yeye na Mama. Alieleza kwamba damu ilikuwa imevuja polepole ndani ya fuvu la Chesang tangu alipogongwa, na sasa ilikuwa inaubana ubongo. Alihitaji upasuaji mara moja. Kama angecheza na kugongwa tena, hata kidogo, huenda asingetoka uwanjani akiwa hai.

Upasuaji ulifaulu. Lakini Chesang alipoamka, mkono wake wa kulia ulikuwa dhaifu na maneno yalimtoka kwa shida. Daktari alisema mkono ungepata nguvu kiasi kwa mazoezi, ila mpira wa miguu ndio basi. Hangecheza tena.

Cheruto alimngoja daktari mlangoni. "Daktari, kama ningesema mapema, mkono wake ungekuwa mzima?"

Daktari Wanyoike alimtazama kwa huruma, lakini hakumdanganya. "Mapema ingekuwa bora, mwanangu. Pengine hata upasuaji usingehitajika. Lakini ulisema akiwa hai, na ndiyo sababu yuko hai."

Chesang aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alishinda uani kwenye kiti. Alimjibu Mama, alimjibu Baba aliyekuja kutoka Mau Narok, lakini na Cheruto hakuzungumza. Mtaani nako baadhi ya mashabiki walinong'ona kwamba timu ilishuka kwa sababu ya mdomo wa mtoto. Cheruto aliyasikia maneno hayo akinunua maziwa, akarudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Jumapili moja baada ya ibada, Kocha Nakhumicha alikuja na Wamaitha na Natalie. Natalie hakuweza hata kuketi. Alisimama mbele ya Chesang akilia.

"Nisamehe. Ule mpira ulinipita mikononi."

Chesang alichukua muda kuyakusanya maneno. "Hata mimi ungenipita," alisema. "Mimi... nisingeuona kabisa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kukiri. Wamaitha alijifuta macho, akamgeukia Cheruto na kumwomba msamaha kwa kuwa hata yeye alimlaumu.

Kocha Nakhumicha alivuta kiti karibu na wasichana wote. "Nami nina kosa langu," alisema. "Nilimwona akianguka, nikamuuliza kama yuko sawa, nikaridhika na jibu nililotaka kusikia. Sikilizeni. Mfupa ukivunjika watu huona, lakini kichwa huumia kimyakimya. Anayeumia aseme. Na mwenzake akijua, aseme hata akikatazwa. Siri ya kumficha mgonjwa haimsaidii mgonjwa, hata ikiwa imewekwa kwa upendo. Timu ikishuka inaweza kupanda tena. Chesang tungemzika, tungemrudisha kwa ligi gani?"

Mama aliingia nyumbani haraka, kanga mdomoni.

Wageni walipoondoka, Cheruto alianza kukusanya vikombe. Jua lilikuwa limesogea na kuufikia uso wa Chesang, naye akafumba macho.

"Cheruto."

Cheruto alisimama na sinia mkononi. Hakuwa amesikia jina lake kutoka mdomo ule tangu siku ya hospitali.

"Nilikuita mwongo... mbele ya watu," Chesang alisema, neno moja moja. "Ulisema kweli."

Cheruto aliweka sinia chini, akaja akamshika dadake kwapani, akamwinua. Wakatembea taratibu hadi kivulini, na Chesang akakiegemeza kichwa chake begani mwa mdogo wake.