Trela Lililozidi Uzito

Ukiambiwa nyumba yako nzima, vyumba vinne na ghala la chini, iingie kwenye trela la futi ishirini na sita, utaanza kumtupa nani?

Usinijibu makochi. Kila mtu husema makochi. Shemeji yangu Verlin naye alisema makochi, tena alisema mbele ya kamera, ameshika kikombe cha kahawa, anatabasamu kama mtu aliyegundua dawa. Wakati huo yeye na dada yangu Colleen walikuwa wameuza nyumba yao ya miaka thelathini na moja, hapa Nebraska, ili wakaishi kwenye trela daima, wakilivuta kwa pikapu kufuata jua. Alikuwa na chaneli yake mtandaoni ya kuwafundisha watu kuishi wepesi. Amekuwa naibu mwalimu mkuu maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo anaongea na wewe kana kwamba umechelewa darasani.

Mama yetu, Opal, alifariki wiki ya pili ya Desemba. Kwetu mwezi huo ardhi imeganda, ukiipiga chepe mkono unakufa ganzi, kwa hiyo maiti waliochomwa wakawa majivu, kama mama, hawazikwi mpaka Mei. Majivu hukaa nyumbani kwa mmoja wa watoto, kwenye kabati, karibu na mashuka, na hakuna anayeona ajabu. Nafasi yake kando ya baba ilikuwa tayari, na jina lilishachongwa. Kilichobaki ni udongo kulainika.

Nilisema mama akae kwangu Omaha. Verlin hakutaka kusikia. Alisema Mama Opal hakuwahi kuona jangwa hata siku moja, watampeleka Arizona apate joto kidogo, na Mei watamrudisha. Kamera ilikuwa inawaka. Watu wengi waliandika chini ya video ile kwamba wanalia. Mimi sikulia, lakini boksi la majivu nililitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo ni langu, sitamsukumia mtu.

Siku ya kuuza vitu ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Milango wazi, wageni wanazunguka vyumbani na soksi nene kama za wavuvi wa barafu, wanafungua droo, wanauliza bei ya pazia lililoning'inia. Verlin alikuwa amekaa kwenye sebule tupu na mizani ya bafuni miguuni. Kila kilichotaka kwenda naye kilipimwa, kikabandikwa karatasi yenye ratili zake. Cherehani ya Colleen: nzito, iuzwe. Kikaango cha chuma cha bibi yetu: kizito, kiuzwe. Jiko la Verlin mwenyewe la kuchomea nyama, ambalo wanaume wawili walilibeba wakihema, lilipita bila kupimwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema lile ni la lazima. Colleen alikuwa dirishani akimwangalia mwanamke asiyemjua akiondoka na cherehani yake kwenye kigari cha mtoto, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Mwezi wa tatu nilipata simu ya Colleen. Alizungumza dakika moja tu, kwa kunong'ona, akaniomba niende kumchukua. Nilidhani ndoa imevunjika. Nilifurahi, nisiwafiche.

Nilifika kambini kwao, Arizona, asubuhi. Ni jangwa tupu, changarawe na vichaka vya miiba, na matrela ya wastaafu yameachana hatua mia mia kama watu waliogombana. Kabla sijazima gari, jirani yao, mwanamke mnene wa miaka sabini hivi aitwaye Ardith, alikuja na mbwa wake mkononi.

"Wewe ndiye binti mwingine wa yule bibi?" aliniuliza. "Basi mwambieni avae kofia. Anakaa pale kwenye ngazi saa sita kamili kama mkate kwenye oveni, na nikimsalimu ananitazama kama nimemkanyagia maua."

Nikamwambia hapa hakuna bibi, ni dada yangu na mumewe tu.

"Haya," akasema Ardith, akimhamishia mbwa bega la pili. "Basi huyo ambaye hayupo ana nywele nyeupe, na miguu yake ni mitupu. Na imelowa, hata sijui anakanyaga wapi. Huku hakujanyesha tangu Krismasi."

Verlin nilimkuta amepiga magoti nyuma ya trela, pima maji mkononi. Asubuhi kila mmoja huko hulinganisha trela lake, huchomeka vipande vya mbao chini ya magurudumu, hushusha jeki, mpaka kile kipovu cha pima maji kikae katikati. Vinginevyo mlango haufungi na yai linakimbilia upande mmoja wa kikaango. Verlin alikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini aliniambia, bila salamu, kwamba kila siku analinganisha na kila mchana trela limeinama tena, upande wa meza. Akalaumu udongo. Kisha akashusha sauti, akasema si udongo. Dada yako anaficha vitu.

Ndivyo alivyoamua. Kila wiki alilipeleka trela kwenye mizani ya malori kule barabara kuu, na kila wiki lilizidi kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo alianza kupekua. Alitupa koti la baridi la Colleen. Alitupa vitabu vyake. Alitupa albamu mbili za picha, za harusi na za utoto wetu, kwenye pipa la kambi, na alipopima tena uzito haukupungua hata kwa ratili moja. Alinieleza haya yote kwa utulivu, kama anayesoma matokeo ya mtihani. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari, na nilipofungua kiganja nilikuta umenichora.

Colleen alinikumbatia kwa muda mrefu mlangoni. Alikuwa amekonda mpaka nikahisi mifupa ya mgongo.

"Dada," aliniambia sikioni, "hapa usiulize kitu. Kula kwanza nasi. Utaona mwenyewe."

Tulikula saa sita. Nyama ya lile jiko la lazima, mkate, kachumbari ya kabichi. Tulikuwa watatu kwenye meza, wao wawili upande mmoja, mimi peke yangu kwenye benchi la pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya joto. Verlin alikuwa akinieleza faida za kutomiliki vitu.

Aliyewahi kuishi kwenye trela anajua jambo moja. Mtu akikanyaga ngazi, nyumba yote inakubali. Inazama kidogo upande wa mlango, inatulia. Hata ukiwa umelala utajua kuna mtu ameingia.

Trela likazama.

Kahawa ikainama kwenye vikombe. Hatua moja. Kisha kimya, kama mtu anayeshika fremu ya mlango kupumua. Kisha ya pili, nzito zaidi, mguu unaburutwa. Mama alibadilishiwa nyonga akiwa na miaka themanini. Hivyo ndivyo alivyopanda ngazi. Mguu mzuri, pumzi, mguu mbaya.

Mlango haukufunguka.

"Amekuja," Colleen alinong'ona, akiangalia sahani yake.

Verlin alinyoosha mkono akachukua chumvi. "Upepo," akasema.

Nje, bendera ndogo ya Ardith ilikuwa imening'inia kama tambara. Mto wa benchi, pale kando yangu, ukabonyea. Taratibu. Ukabonyea sehemu moja, kisha ukaenea, kama anapokaa mtu anayeogopa maumivu. Nilisikia harufu. Si ya kaburi, kama mnavyosimuliana. Ilikuwa ya choo kilichosafishwa kwa dawa nyingi. Kitu chenye baridi na unyevu kilikuwa kimegusa kiwiko changu, na kilikaa hapo mpaka tulipomaliza kula.

Nilimwambia Verlin tunaondoka, mimi na Colleen, na mama tunamchukua. Akacheka. Akasema mama atarudi Mei, kama ilivyotangazwa. Neno lake ni hilo, kama ilivyotangazwa. Akasema kabla ya yote twende mizanini, sote, na mkewe akiri mbele ya shahidi anachokificha. Kama ni boksi la vyombo, akiri. Hatamkasirikia.

Niliona Colleen anaogopa zaidi kubaki pale kuliko kwenda, nikakubali. Nilijiambia, tukimaliza tu naingia mle ndani nambeba mama.

Mizani iko kwenye kituo cha malori. Ndani ya trela hakukuwa na mtu. Sisi watatu tulikaa kwenye pikapu iliyolivuta, jua linapiga kioo. Kijikaratasi kikatoka. Verlin akakisoma, akamgeukia mkewe.

"Ratili mia na kumi na mbili za ziada," akasema. "Kama wiki jana. Kama wiki juzi. Colleen, tumeishi pamoja miaka thelathini na tano. Umeficha nini humo?"

Colleen alianza kulia bila sauti. Akasema hajaficha kitu. Akasema amebakiwa na magauni matatu.

Mimi ile namba niliijua. Sikuhitaji kufikiri. Niliisaini kwa mkono wangu hospitali, Desemba, kwenye karatasi ya mwisho, mstari wa pili baada ya umri.

"Huo ni uzito wa mama," nikasema. "Siku aliyokufa."

Verlin aliendelea kutazama kijikaratasi, lakini rangi ilikuwa imemtoka mpaka masikioni. Ndipo nilipojua. Mtu asiye na hatia angeniita mwendawazimu, na Verlin hajawahi kukosa nafasi ya kuniita hivyo.

Nilishuka. Akashuka nyuma yangu akisema nisisumbue mpangilio wa ndani, kila kitu kimepangwa kwa uwiano wa uzito, niache. Colleen akatufuata. Niliingia kwenye trela, nikanyanyua kitanda, ambacho chini yake ndipo palipo ghala lao, nikatoa boksi la mama. Nililijua kwa mikono. Nilikuwa nimelibeba magotini kutoka kwenye nyumba ya mazishi mpaka kwa Colleen, maili hamsini.

Lilikuwa jepesi kama kofia.

Ndani mlikuwa na magazeti yaliyokunjwakunjwa. Juu ya magazeti, mfuko wa plastiki wenye jina la mama, mtupu, umekatwa mdomo kwa mkasi, mstari umenyooka vizuri. Ni mtu makini aliyeukata. Nilimpa Colleen auone. Aliushika kwa vidole viwili, akaugeuza, akaangalia ndani, akaugeuza tena.

"Nilikuwa namsalimia kila asubuhi," akasema. "Nilikuwa nainama hapa namsalimia."

Trela likazama upande wa mlango.

Tulikuwa watatu, na wote watatu tulikuwa ndani. Hatua moja. Pumzi. Hatua ya pili. Safari hii mlango ulikuwa wazi, na mlangoni palikuwa na mwanga mweupe wa jua na hakuna mtu.

Alama ya kwanza ilitokea kwenye sakafu, karibu na jiko. Mguu mtupu. Maji ya kijivu. Kidole gumba kimelalia wenzake, kama cha mama. Ya pili. Halafu mburuzo. Zilikuja polepole, hazikuwa na haraka, kama bibi anayevuka chumba chake mwenyewe. Zilinipita. Zilimpita Colleen, na mbele yake zilisimama kidogo, jozi moja imetulia, kisha zikaendelea.

Zilisimama mbele ya Verlin. Vidole vya alama vikielekea vidole vya Verlin.

Alama hizo zipo mpaka leo. Colleen amezisugua kwa brashi, kwa siki, kwa dawa ya kufulia. Mtu aliyekuja kulinunua trela alizing'oa pamoja na sakafu, na wiki iliyofuata alipiga simu kuuliza tumetumia rangi gani, kwa sababu zimepita mpaka kwenye mbao.

Lakini siku ile Verlin alizitazama zikiwa mbichi. Mgongo wake ulikuwa ukutani na hakuwa na pa kurudi nyuma. Dada yangu akamsogelea, na ule mfuko bado mkononi. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo vile, na sijawahi kuona mtu mwenye hasira kama ile.

"Verlin," akasema. "Umempeleka wapi mama yangu?"

Alijaribu kuniangalia mimi, nikamwacha ahangaike.

"Ilikuwa njiani, siku ya pili," akasema. "Tulipima kwa mara ya kwanza tukakuta tumezidi ratili sita. Sita tu, uzito wa majivu yake. Wewe ulikuwa umelala mbele kwenye pikapu. Nilikuwa namwaga tangi la choo, pale kwenye shimo la maji machafu, na mfuniko ulikuwa wazi." Akaangalia chini. Maji ya kijivu yalikuwa yamefika kwenye kiatu chake. "Nilimmwaga humo. Alikwama kwenye kingo, kwa hiyo nikachukua mpira wa maji, nikamsukuma mpaka akashuka."