Jina Alilolishwa Kamongo

Kilichoanza kumtia Agustina wasiwasi si kwamba kamongo alikataa kula. Ni jinsi alivyokataa. Jioni alimtumbukizia furu sita, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye tangi la kioo, na asubuhi aliwakuta wote sita chini, hawajaguswa hata pezi, wamelala sambamba na vichwa vyao vyote vimeelekea mlango wa jikoni.

"Maji yamewasogeza tu," alijiambia. Maji ya tangi hayaendi popote, na hilo alilijua vizuri.

Nyumba ilikuwa ya mzungu mchimba dhahabu, pale Kemambo, mwaka 1954. Vibarua walimwita Bwana Kioo kwa sababu ya lile tangi alilolijenga barazani, refu kuliko kitanda, kwa ajili ya samaki mmoja tu. Kamongo huyo alikaribia kimo cha mwanamke. Alivuliwa mto Mara, kwenye kina kile kile ambako Mokami, dada yake Agustina, aliteleza na mtungi wake miaka mitano nyuma asionekane tena. Bwana alitaka kumpeleka samaki huyo kwao Ulaya akiwa mnene. Kabla ya kwenda Nairobi kutafuta meli, alifungua friji ya mafuta ya taa, iliyojaa samaki wa barafu kutoka Musoma, akamfundisha mpishi wake.

"Mpe samaki mzima, na mifupa yake na utumbo wake. Mnofu mtupu utamdhoofisha. Nyama ya ng'ombe usimpe kabisa. Anayenuka mafuta yaliyochacha, tupa. Barafu iyeyuke kwenye maji baridi, siyo jikoni. Akifa, Agustina, wewe na mtoto tafuteni pengine pa kuishi."

Agustina alikuwa mjane, na kile chumba cha uani ndicho kilichokuwa kwao. Basi alichagua samaki kama anayechagua posho ya mwanawe. Alibonyeza jicho, akanusa mashavu, akampa furu, akampa sato wadogo, akampa dagaa. Siku tisa zikapita. Kamongo alipanda juu kuvuta hewa, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyechoka, akazama tena.

Siku ya kumi Agustina akafanya lile ambalo mama yeyote wa Kikurya angelifanya kwa mtoto mchanga anayekataa titi: akaanza kumtajia wafu, mmoja mmoja, ajue ni mfu yupi anayetaka jina lake lirithiwe. Binti yake mwenyewe alipewa jina hivyo. Alilia siku mbili, hataki kunyonya, mpaka bibi yake alipotamka "Mokami", naye akanyamaza na kushika titi.

"Nyangwine?" Alishika furu juu ya maji, huku akijicheka. "Waitara? Werema?"

Samaki akabaki chini.

"Mokami?"

Kamongo akainua kichwa, akamchukua furu vidoleni mwa Agustina polepole, kwa adabu.

Agustina alifurahi, masikini, akapiga makofi! Tangu hapo samaki alikula kila siku, ila mpaka aitwe Mokami. Na tangu siku hiyo mtoto Mokami, aliyekuwa na miaka minne na tumbo lisiloshiba, alisukuma sahani ya ugali. Akiitwa hakugeuka. Ngozi yake ikawa baridi, na mchana kweupe chumba kilinuka tope la mtoni. Siku ya nne, jua likiwa utosini, Agustina alikaa akimsikiliza mwanawe akipumua, akagundua kwamba hapumui, kifua kimetulia tuli, akahesabu mpaka ishirini, mpaka thelathini, na alipotaka kupiga kelele mtoto akainua kidevu, akameza hewa, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyechoka, na wakati ule ule, kutoka barazani, pumzi ile ile ikashushwa majini.

Alikimbia kumwita mama yake, Robi, ambaye ndiye aliyewapa majina watoto wa nusu ya Kemambo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemlisha kwa jina la nani?" Robi aliuliza kwa sauti ya chini alipoliona tangi barazani, hata kabla ya kukaa.

Agustina alimweleza. Bibi kizee akaziba mdomo.

"Lililomchukua dada yako mtoni ndilo lililomo humo. Samaki ni ngozi tu. Jina ni la mtoto pia, nawe umelikabidhi mtoto."

"Nitamrudishaje, Mama?"

"Lilishe kwa jina jingine, kwa mkono ule ule. Likikubali, litamwachia."

"Wafu wetu wengine wote nimewataja. Limewakataa."

"Najua." Robi alitazama tangi. "Taja langu. Mimi nimekwisha kuishi."

Agustina akateua furu mzima, jicho lake safi, akamshusha karibu na maji. "Robi." Kamongo akamshika, akamtema, na furu akashuka chini, kichwa kikielekea jikoni.

Chumbani mtoto alivuta hewa mara moja. Haikufuata pumzi nyingine.

Agustina lilikuwa jina alilopewa na padri, lakini jina lake la kuzaliwa, lile ambalo mama yake alimwitia uji na kuni, lilikuwa Wegesa. Akamwokota furu yule kutoka majini.

"Siyo hilo!" Robi alinong'ona. "Mwanangu, siyo hilo!"

"Wegesa," alisema Agustina.

Samaki akala. Na kutoka uani sauti ndogo yenye hasira ikauliza ugali uko wapi.

Jumamosi Bwana Kioo alirudi, akafurahi mno kumkuta samaki wake kanona. "Hongera, Agustina!" alisema, naye akaitikia vizuri tu. Wanaume sita wakamhamishia kamongo kwenye pipa, wakalipandisha kwenye lori, na lori likashika barabara ya kwenda Kenya.

Robi alisimama uani huku machozi yakimtoka. "Wegesa!" aliita. "Wegesa!"

"Abee, Mama," iliitika sauti ya bintiye, kutoka kwenye lori lililokuwa likiishia kwenye vumbi.

Mwanamke aliyesimama karibu na friji hakugeuka. Alikuwa ameshika furu wa barafu mkononi, na kifua chake kilikuwa kimetulia tuli. Mtoto alilamba vidole, akamtazama sana, kisha akajisogeza miguuni pa Robi.

"Bibi," aliuliza, "yule mama ni nani?"